Kikombe cha Marehemu Tshokolo

Sehemu ya nne

Kabla ya yote naomba radhi. Wiki iliyopita niliwadanganya.

Niliwaambia kwamba Puseletso, mtoto wa miaka sita, alikunywa mabaki ya pombe yaliyoachwa mezani kwenye baa yangu, siku tuliyomzika baba yake. Mkaniamini. Mama mmoja akaniandikia barua: "Pole kaka, watoto wa siku hizi wana mikono mirefu." Barua hiyo nimeisoma mara tatu, na kila mara nimeirudisha chini ya godoro kama mtu anayeficha nyama ya wizi.

Hakukuwa na mabaki. Leo nasema.

Kwa aliyeanza kusoma leo: naitwa Seabata Moloi, ila hapa Qwaqwa, Afrika Kusini, hata mchungaji wetu ananiita Diploma. Nina diploma ya mambo ya hoteli, nimeitundika juu ya friji la bia. Mlevi mmoja aliwahi kuniuliza kama ndiyo bei ya chakula.

Baa yangu iko mbele, nyumba iko nyuma. Katikati kuna ukuta na kamlango kadogo, na leseni inataka kamlango hako kafungwe saa zote za kazi. Nje nimeandika kwa rangi nyekundu: HAPA MTOTO HAPITI.

Na si hilo tu. Chama cha wenye baa kilinichagua mimi niwafundishe wenzangu jinsi ya kuwalinda watoto. Nilisimama mbele ya watu arobaini nikawaambia, "Jamani, kwa mtoto hakuna kidogo tu." Wakapiga makofi. Nikapewa kofia na sahani ya kuku.

Jumamosi ile tulimzika Tshokolo, dereva wa lori la makaa, rafiki yangu wa miaka ishirini. Mkewe, Disebo, alibaki nyumbani kwenye godoro la mjane, ambako kwa mila zetu hukaa bila kutoka, blanketi jeusi limefungwa pini kifuani. Sisi wengine tulinawa mikono getini, tukala, tukaja kwangu kufuta machozi. Ndivyo tunavyofanya kila mazishi. Watu wanakunywa na kumsimulia marehemu mpaka aliyekuwa analia aanze kucheka.

Watoto nao walikuja. Ungewafukuza wewe? Wametoka makaburini, udongo bado uko kwenye viatu, na baridi ya Julai inauma hadi kwenye meno. Nikawaweka nyuma, nyumbani kwangu, wakapewa supu na maandazi. Nikafunga kamlango.

Halafu nikakafungua kupitisha sufuria. Sikukafunga tena.

Mpaka hapo niliwaambia kweli.

Sasa sikilizeni. Kwenye baa yangu kila mteja wa kudumu ana kikombe chake cha bati, kinaning'inia kwenye msumari ukutani. Akifa, siku ya mazishi kikombe kinajazwa kile alichokuwa anapenda. Mtu wa damu yake anakimaliza, anakipindua mezani, kinarudishwa kwao. Nani alianzisha mtindo huo? Mimi. Niliona ni heshima.

Moliehi, dada anayeuza kaunta, akakishusha cha Tshokolo. Cha bluu, kimebanduka rangi mdomoni. Akamimina brandi, akajazia soda.

"Haya, nani wa damu yake?" nikauliza.

Tshokolo alizaliwa peke yake. Hakuwa na kaka wala dada.

"Tumwage nje, Bosi, yaishe," akasema Moliehi.

"Tumwage? Brandi? Tshokolo atafufuka atuchape!"

Baa ikacheka. Na mimi nikichekewa, breki sina.

Hapo ndipo Puseletso alipotokea kwenye kamlango, andazi mkononi. Watu walikuwa wameanza ule wimbo ambao baba yake alizoea kuuimba akishusha makaa. Alikuja kuangalia nani anauimba.

"Damu yake ile pale!" mtu akapiga kelele.

Msije mkasema ni huyo mtu. Yeye alisema. Aliyefanya ni mimi.

"Mheshimiwa mwenyekiti!" nikamwita, nikainama kama mhudumu wa hoteli kubwa, taulo mkononi. "Karibu kwenye kiti chako."

Akacheka. Alikuwa hajacheka tangu baba yake afe.

"Bosi," Moliehi akaninong'oneza. "Huyo ni mtoto."

"Analowanisha midomo tu. Kidogo tu."

Ndiyo. Mimi huyuhuyu, mwenye kofia na kuku.

Nikampa. Akakishika kwa mikono miwili.

"Hiki cha baba?"

"Cha baba."

"Nikinywa?"

"Ukimaliza, baba atafurahi."

Nimejaribu kukumbuka kwamba nilisema kitu kingine. Nimejaribu wiki tatu. Nilisema "ukimaliza."

Akanywa. Akashusha pumzi, akakunja uso, akanywa tena. Alipofika chini akakipindua mezani mwenyewe, kama alivyowaona watu wazima wakifanya. Baa nzima ikalipuka kwa makofi.

Makofi hayo niliyaanzisha mimi.

Baada ya nusu saa alikuwa amelala kwenye benchi, karibu na jiko la makaa. "Kachoka kulia, maskini," tukasema. Nikamfunika blanketi langu. Nikawaambia watu washushe sauti, mtoto amelala. Mnaona jinsi nilivyo mtu mwema?

Saa mbili zikapita. Moliehi ndiye aliyemshika mguu.

"Bosi. Wa baridi."

Yaliyofuata mnayajua, na hayo sikuyapamba: gari, hospitali, mtoto hajitambui. Daktari alieleza kwamba pombe inamaliza sukari kwenye mwili wa mtoto, na huyu alikuwa na andazi moja tu tumboni. Wakamtundikia dripu. Jumapili mchana akafumbua macho.

"Alikunywa nini? Nani alimpa?" daktari aliniuliza.

"Mabaki," nikasema. "Mezani. Hatukumwona."

Uongo ukatoka laini, hata sikukohoa.

*

Jumatatu saa nne asubuhi nilitoka nje kununua sabuni. Nikirudi, kwenye geti la hospitali nikamkuta Moliehi anaondoka, kajifunga kitambaa hadi puani.

"Wewe! Unafanya nini huku?"

"Nimeitwa na watu wa ustawi wa jamii. Niandike nilichoona."



"Umeandika?"

"Nimekusafisha, Bosi. Mabaki yako hawakuyaamini. Daktari kasema mtoto kanywa kikombe kizima. Ikabidi nitafute neno jingine."

"Jingine gani?"

"Usiniulize, ili ukiulizwa usijue. Nina watoto wanne, Bosi. Leseni yako ikienda, wanangu watakula ile diploma?"

Akaondoka haraka. Nikabaki nimesimama na kipande cha sabuni.

Mungu anisamehe, nilishukuru. Nilisema kabisa kwa sauti, "Ahsante, Moliehi."

Nikarudi wodini. Disebo alikuwa amekaa kando ya kitanda na blanketi lake jeusi. Aliliacha godoro la mjane siku ileile alipopata habari, na mtaa mzima unamsema. Mjane hatoki. Yeye alitoka mbio, miguu mitupu, pini ikining'inia.

Puseletso alikuwa amelala, mkono umefungwa bandeji pale dripu ilipokuwa.

"Leo tunatoka, shemeji," akaniambia. Uso wake ulikuwa umefunguka kidogo. "Nesi kasema yuko sawa. Nimeshamfulia gauni."

"Mungu mkubwa."

"Mungu na wewe. Usingekuwa na gari, leo ningekuwa nachimba kaburi la pili."

"Usiseme hivyo, shemeji."

"Nisemeje basi? Umelala kwenye benchi la hospitali siku mbili. Na hivyo ulivyo mnene, benchi lenyewe linakulilia." Akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa, akanikatia mkate. "Kula."

"Nimeshiba."

"Wewe? Umeshiba? Haya, kumbe na wewe unaumwa. Niite nesi?"

Alicheka. Mume yuko ardhini siku ya tatu, na bado ananitafutia mimi kicheko. Ule mkate niliutafuna mpaka ukawa maji, ukagoma kushuka.

Ndipo tukaitwa ofisini.

Ni kachumba kembamba, meza moja, viti vitatu. Aliyekaa nyuma ya meza ni Mama Ntsoaki, afisa wa ustawi wa jamii. Namjua. Yeye ndiye aliyenivisha ile kofia.

"Mwalimu wetu!" akasema, akasimama kunipa mkono. "Na kwako imetokea? Pole sana. Kaa."

Akamgeukia Disebo. Sauti ikabadilika, ikawa ya kazini.

"Mama, mtoto akiletwa hapa na pombe mwilini, hospitali lazima iniite. Na mimi lazima niamue leo alale wapi. Nimeamua aende makao ya watoto, mjini, mpaka mahakama iseme. Gari liko nje."

Disebo alimwangalia kama mtu asiyesikia vizuri.

"Aende wapi? Nimeshamfulia gauni."

"Nakuelewa, mama."

"Hunielewi. Nimemfulia gauni la kurudi nyumbani."

Mama Ntsoaki akachukua karatasi. "Hii ni ya Moliehi, muuzaji wa baa. Ameandika leo. Anasema mama wa mtoto alimtuma mtoto baani, na maneno kwamba apewe kikombe cha baba yake akimalize."



Hilo ndilo jingine. Hilo ndilo nililolishukuru.

"Mimi?" Disebo alijishika kifua. "Mimi nilikuwa kwenye godoro! Mtoto walinichukulia akina mama wa mtaani, wakasema akacheze na wenzake. Mjane gani anatuma mtoto baani?" Kisha akanigeukia, na uso ukatulia kabisa, kama mtu aliyekumbuka kwamba ana pesa mfukoni. "Shemeji yupo. Shemeji, waambie. Ulikuwepo. Nilimtuma?"

Wakanitazama wote wawili.

Wasomaji wangu, mlango ulikuwa wazi. Nilitakiwa kuvuka tu.

Nikasema, "Kulikuwa na watu wengi, Mama Ntsoaki. Kelele nyingi. Sikuweza kusikia kila kitu."

Disebo hakufumba mdomo. Alibaki vilevile, mdomo wazi, ananitazama.

"Hukusikia," akasema taratibu.

Nilitazama viatu vyangu.

Mama Ntsoaki akavuta fomu, akafungua kalamu. Disebo akateleza kutoka kwenye kiti hadi sakafuni. Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga kelele.

"Mama," akasema, "juzi nimezika mume. Leo mnachukua mtoto. Nikirudi kwenye lile godoro, nakaa na nani? Nifungeni mimi. Au nipelekeni naye hukohuko, nitawafulia watoto wote wa hayo makao, nitalala jikoni."

"Haiwezekani, mama. Inuka."

"Sijamtuma. Naapa kwa kaburi ambalo bado bichi. Sijamtuma."

Pini ya blanketi ikafunguka, blanketi likaanguka mabegani. Hakuliokota. Mjane aliyezika juzi, mabega wazi, kwenye sakafu ya ofisi.

Nikasikia sauti inasema, "Ni mimi."

Kumbe ni yangu.

"Wewe nini?" akauliza Mama Ntsoaki.

"Mimi ndiye nilimpa. Kikombe kizima. Nilimwita, nikamkalisha, nikampa. Moliehi alinikataza. Disebo hakutuma mtu."

Nilitegemea dunia ipasuke. Haikupasuka. Mama Ntsoaki aliweka kalamu chini, akanitazama kwa huruma. Kwa huruma!

"Baba Moloi. Nakufahamu. Mwaka juzi ulisema ni wewe uliyegonga ng'ombe wa mchungaji, kumbe ni kijana wako wa gari, ulikuwa unamwokoa asifungwe. Kila mtu hapa anaujua moyo wako."

"Safari hii ni kweli."

"Kwa daktari ulisema mabaki. Dakika mbili zilizopita hukusikia. Sasa ni wewe. Nimwamini Diploma yupi?"

"Huyu! Huyu wa sasa!"

"Mtu aliyefundisha watu arobaini ampe mtoto brandi?" Akatikisa kichwa. "Unamwonea huruma mjane. Ni vizuri. Lakini mimi nina mtoto wa kulinda, sina wa kuonea huruma."

Disebo bado alikuwa sakafuni, analia kimya, uso kwenye kiganja. Sijui kama alinisikia. Sijui kama alinisikia akakataa kuamini, na yeye pia.

"Muulizeni mtoto," nikasema. "Ana akili timamu. Anajua. Muulizeni."

Mama Ntsoaki akafikiri. Akamwita nesi.

Wakati tunasubiri, nikakumbuka. Nilikuwa nimesahau kitu. Hapana, sikusahau. Nilikizika.

Jumapili mchana, Puseletso alipofumbua macho, Disebo alikuwa msalani. Mtu wa kwanza ambaye mtoto yule alimwona ni mimi. Na mimi, badala ya kuita nesi, badala ya kupiga magoti nishukuru, niliinama sikioni kwake. Kitu cha kwanza alichosikia aliporudi duniani ni maneno yangu. Sitayaandika hapa. Mtayasikia sasa hivi kwa mdomo wake.

Nesi akamleta. Amevaa lile gauni, bado lina unyevunyevu kwenye pindo, na sweta la mama yake limemfika magotini.

Mama Ntsoaki akachuchumaa.

"Hujambo, mrembo? Umependeza. Nikuulize kitu?"

Puseletso akaitikia kwa kichwa.

"Siku ile, nani alikupa kikombe cha baba?"

Mtoto akanitazama mimi. Halafu akatikisa kichwa.

"Hujui?"

"Najua."

"Haya niambie."

"Sisemi."

"Kwa nini?"

"Ni siri."

Mama Ntsoaki akanyanyua macho polepole, akamtazama Disebo pale chini. "Nani amekuambia ni siri? Ni mama?"

Mtoto anachezea kifungo cha sweta.

"Ni mama, eti?"

Kimya. Mama Ntsoaki akasimama, akarudi mezani, akaandika mstari mmoja kwenye fomu. Niliuona. Aliandika kwamba mtoto ametishwa.

Nilipiga magoti. Kilo mia na kumi zikagonga sakafu mpaka nesi akashtuka.

"Puse. Niangalie. Sema. Anko anakuruhusu. Sema jina tu, mama aende na wewe nyumbani."

Akaniangalia muda mrefu, kwa yale macho ya baba yake. Akamwangalia mama yake chini, mabega wazi, machozi yanadondokea kwenye blanketi. Akasogea karibu na mimi, akaninong'oneza, lakini kachumba kale ni kadogo, na kila mtu alisikia.

"Anko, uliniambia nikisema, mama atalia."

"Ndiyo, Puse."

"Mbona analia, na mimi sijasema?"

Disebo akaacha kulia. Akauinua uso wake kutoka kwenye kiganja, akanigeukia.

Mama Ntsoaki alikuwa bado ameshika kalamu juu ya fomu. Haikuandika, haikushuka.

Mlango ukagongwa. Dereva akachungulia, funguo za gari mkononi, anapuliza vidole kwa baridi.

"Samahani, mama. Mtoto anaenda au haendi?"